Mtaa wa Wasioamkiwa

Katika nchi zote nilizopita, Lawamani ndiko nilikopokewa kwa adabu kuliko kwingine, na ndiko nilikofanya jambo ninaloona haya kulieleza. Nalieleza hata hivyo.

Nilifika siku ya Jumatano. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu nifiwe na mke wangu, Bahiya. Nilikuwa nimeacha kazi yangu ya miaka ishirini na miwili, kazi ya mshika kibendera viwanjani, nikawa mtu wa kwenda tu, leo huku, kesho kule. Mshika kibendera hukimbia kando ya mstari, anatazama, anainua mkono, basi. Mpira haumhusu. Bahiya alikuwa akiniambia kwamba hata nyumbani niliishi hivyohivyo.

Mgeni akiingia Lawamani hupelekwa kwanza kwa Msajili wa Lawama. Msajili wa wakati huo alikuwa mama wa makamo aitwaye Bi Saumu, mwenye miwani na sauti ya upole. Aliniuliza habari za safari, za nyumbani, za afya, za mvua za kwetu, za mazao, kisha akarudi tena kwenye za safari. Chai ilipoa tukiwa bado tunaamkiana.

"Sisi hatukatishi salamu, ndugu mgeni," alisema. "Mtu asiyeamkiwa hapa kwetu ni kama hayupo."

Ndipo akanieleza sheria, iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini. Timu yao ya taifa haikuwa imeshinda mechi hata moja kwa miaka saba. Kila kipigo, kwa mujibu wa sheria, lazima kipatiwe mwenyewe kabla ya jua la siku ya tatu kuzama, na mwenyewe lazima awe mmoja. Kipigo kisicho na mwenyewe, alisema, huzurura mjini na kinaweza kuingia nyumba yoyote. Anayepewa hafungwi wala hapigwi. Huondolewa salamu maisha yake yote. Akiwa mchezaji, hubaki kwa mama yake, anapakuliwa chakula bila neno. Akiwa kocha, hubaki kwenye Mtaa wa Makocha.

"Wewe utafikia nyumba ya wageni iliyo mwisho wa mtaa huo," alisema Bi Saumu. "Humo njiani usimwamkie mtu, isipokuwa Kocha Lukindo, nyumba ya thelathini na moja. Yeye hajashindwa bado. Mechi yake ya kwanza ni Jumamosi."

"Kama hajashindwa, kwa nini anakaa huko?"

"Tunamwokolea taabu ya kuhama," alijibu, akagonga muhuri kwenye karatasi yangu. Akaniambia pia kwamba wajumbe wa Baraza, wanaomtafuta mwenye kosa, wakigawanyika nusu kwa nusu, mgeni aliyeko nchini ndiye mwamuzi, kwa kuwa hana timu. Nilisikia kama mtu anavyosikia tangazo lisilomhusu.

Nchi nzima ilikuwa imegawanyika kambi mbili. Walioamini kwamba makosa ni ya makocha waliitwa watu wa Filimbi, na walioamini kwamba ni ya wachezaji waliitwa watu wa Viatu. Kulikuwa na soko la Filimbi na soko la Viatu, kinyozi wa huku na kinyozi wa kule. Muuza nyanya aliniuliza mimi ni wa wapi kabla ya kunipimia. Niliposema sijui, alinitazama kwa huruma kama mtu asiye na kabila.

Mtaa wa Makocha ulikuwa mnyoofu, msafi, umefagiliwa. Nyumba zilikuwa thelathini na moja, upande mmoja tu, zikitazama ukuta mrefu. Barazani pa kila nyumba palikuwa na mzee. Mmoja alikuwa akishona soksi. Mwingine alipanga vizibo vya soda juu ya sinia, wanne nyuma, wanne kati, wawili mbele, anavipangua, anavipanga tena. Nilipopita waliinua macho pamoja, kisha wakayashusha. Niliwapita wote thelathini bila kufungua mdomo. Viatu vyangu ndivyo vilivyosikika.

Kocha Lukindo alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama mbele. Nilimwamkia kwa ukubwa wake.

"Marahaba!" alisema, na akaniketisha kabla sijasema jina langu. "Kaa, kaa hapa. Tangu Jumapili sijasikia sauti ila ya redio."

Alinipikia maharage. Mke wake alibaki kwa binti yao, upande wa pili wa mji. "Aliniambia, ukishinda nitakuja," alisema akicheka kidogo. "Ukishindwa sitakuja, maana nitakuwa nimekaa na mtu nisiyeweza kumwambia hata habari za kuamka. Nikamwona ana haki."

Nilimuuliza kwa nini basi alikubali kazi ile.

"Kwa sababu naujua mpira," alisema. "Ni kitu pekee ninachokijua. Mtu akikujia na kukuambia njoo ufanye unachokijua, utasema nini?"

Asubuhi ya Alhamisi nilimfuata uwanjani. Alipanga koni, akatandika kamba, akaweka mipira sita mstarini. Akapuliza filimbi. Akapaza sauti: "Semvua, panda! Panda! Sasa rudi! Usimwache nyuma yako!" Kiwanjani hapakuwa na mtu. Alizunguka koni peke yake, akaonyesha kwa mkono, akapiga makofi, akasema vizuri, tena. Nilitazama kwa saa moja na nusu. Mwishowe alikusanya koni zake, akaketi karibu nami akihema.

"Wachezaji wako wapi?"

"Wanakuja alasiri, nikiondoka," alisema. "Hujaambiwa? Kocha na wachezaji wasionane wala wasisemezane. Ndiyo Sheria ya Umbali. Wakisemezana, lawama itachanganyika kama chumvi na sukari, na nani ataichambua?"

"Maelekezo unayapitisha wapi?"

"Naandika. Yanakwenda kwa Msajili, yanasomwa, yanagongwa mihuri minne. Ya mechi hii yatawafikia Jumanne."

"Mechi ni Jumamosi."

"Ndiyo," alisema Lukindo.

Kisha akanisogelea, akashusha sauti, ingawa hapakuwa na wa kutusikia. Wapinzani, watu wa nchi ya Ng'ambo, walikuwa na winga wa kulia, namba saba, anayetumia mguu wa kushoto. Akipata mpira hukata kwenda ndani na kupiga. Hajui njia nyingine.

"Semvua ndiye nahodha na ndiye beki wa kushoto," alisema. "Ni kijana mzuri, ana mapafu ya punda, lakini atamfungia nje kama walivyofundishwa wote. Wewe ni mgeni, unaweza kwenda alasiri ukatazame mazoezi. Mwambie neno moja tu. Amfungie ndani, amwachie nje. Basi."

Nilisema nitamwambia.

Alasiri nilikwenda. Vijana walikuwa ishirini na wawili, wakikimbia bila mtu wa kuwapangia, kila mmoja akifanya alichokumbuka kutoka utotoni. Semvua alikuja kwenye mstari kunywa maji. Alikuwa na ndevu chache na macho ya mtu asiyelala vizuri. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za huko nilikotoka, kisha akasema polepole, akitazama chupa yake:

"Wewe unakaa karibu na Mzee. Anasemaje juu ya upande wangu?"

Askari wawili walikuwa wamesimama karibu na goli. Mmoja alikuwa akitutazama. Nilikuwa mgeni wa siku mbili, na karatasi yangu ilikuwa na muhuri wa Bi Saumu. Nilijiambia kwamba haya ni mambo yao.

"Hajasema kitu," nilijibu.

Semvua aliitikia kwa kichwa, akarudi kiwanjani. Jioni Lukindo aliponiuliza kama nimefikisha, nilisema nimefikisha. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sikukaa kwake kwa mazungumzo jioni ile, nilisema nimechoka.

Jumamosi uwanja ulijaa. Sijawahi kuona mashabiki wa namna ile. Kila mtu alikuwa na daftari na kalamu, na hakuna aliyeimba. Lawamani walipopata bao dakika ya kumi na tano, uwanja ulinyamaza, kwa sababu bao la kufunga halina pa kuandikwa. Watu walisubiri. Dakika ya thelathini na moja namba saba wa Ng'ambo alipokea mpira upande wa kulia. Semvua alimfungia nje. Yule akakata ndani, akapiga kwa mguu wa kushoto, wavu ukatikisika, na nikasikia kalamu elfu ishirini zikikwaruza karatasi kwa pamoja, kama mvua juu ya makuti.

Nilimtazama Lukindo kwenye benchi lake. Wamelijengea ukuta ili wachezaji wasimwone. Alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Kisha aligeuka, akatafuta jukwaani mpaka akaniona. Sikuweza kuyaondoa macho yangu, na sikuweza kuyaacha hapo.

Dakika ya themanini ilikuwa vilevile: winga yuleyule, mguu uleule. Mechi ikaisha mbili kwa moja.

Baraza lilikaa siku ya tatu, Jumatatu, tangu asubuhi. Wajumbe arobaini, ishirini kila upande wa ukumbi. Msemaji wa Filimbi, fundi cherehani, alisimama na kusema, "Samaki huanza kuoza kichwani. Nionyesheni mchezaji mmoja aliyejichagua mwenyewe, akajipanga mwenyewe. Hayupo! Kwa hiyo wa kulaumiwa ni aliyempanga." Upande wake wa ukumbi ukapiga meza.

Msemaji wa Viatu, mwalimu mstaafu, alisimama na kusema, "Kocha hajawahi kukosa penalti. Nionyesheni penalti moja iliyokoswa na kocha katika historia ya nchi hii. Mabao yote mawili yamepita mguuni mwa Semvua. Je, mguu huo ni wa nani?" Upande wake nao ukapiga meza.

Waliendelea hivyo hadi adhuhuri, wakala, wakarudi. Mjumbe mmoja mzee aliomba kuuliza kama ingefaa siku moja kuwaacha kocha na wachezaji wazungumze. Bi Saumu alimjibu kwa adabu kwamba hoja hiyo ingemfanya yeye mwenyewe kuwa mshukiwa, na mzee akaketi. Kura zikapigwa. Ishirini kwa ishirini.

Hapo Semvua, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha washukiwa, alisimama bila kuitwa.

"Mabao ni yangu," alisema. "Nilimfungia nje mara mbili. Mara ya pili nilijua, ila mwili ukaenda ulikozoea. Kosa ni langu."

Bi Saumu alivua miwani. Katika miaka yote ya Usajili hakuna aliyewahi kulidai kosa, na fomu haikuwa na nafasi ya jambo kama hilo.

Lukindo naye akasimama. Hakumtazama Semvua, kwa kuwa sheria ilimkataza. Aliwatazama wajumbe.

"Waheshimiwa, huyo ni kijana na amefanya alivyofundishwa. Mimi niliiona hatari tangu Alhamisi. Aliyeiona hatari na isizuilike ndiye mwenye kosa. Andikeni mimi."

"Hapana, Mzee," alisema Semvua.

"Usimsemeze!" alifoka askari.

Wajumbe walianza kuzungumza wote kwa pamoja. Walijua kumtafuta anayekimbia. Wawili wanaosogea mbele hawakujua wawafanye nini. Bi Saumu aligonga kengele. Akageukia kiti changu.

"Ndugu mgeni. Sheria inakuita. Ni nani?"

Nilisimama. Nilisema kwamba sioni mmoja, kwamba wangeachwa wakae meza moja wangeshinda, na kwamba sheria yenyewe ina sehemu yake.

"Hayo ni maoni, na tumeyapokea," alisema Bi Saumu kwa upole. "Ila jua linazama, na usipotaja mmoja kabla halijazama, sheria inawapa wote wawili, na jamaa zao, kwa kosa la kuchelewesha. Semvua ana mtoto wa miezi kumi. Taja jina."

Jina la kweli lilikuwa mdomoni mwangu, na lilikuwa jina langu. Ningelitaja, mambo yangekwisha pale. Nilimtazama Lukindo. Aliniitikia kwa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayemruhusu mwenzake apite mlangoni kwanza.

"Kocha," nilisema.

Wakashangilia wa Filimbi, wa Viatu wakafunga madaftari yao bila hasira, maana wao zamu yao ingefika. Kisha ikafanyika desturi yao ya mwisho. Bi Saumu alimwendea Lukindo na kumpa mkono.

"Habari za jioni, Kocha?"

"Njema, Bi Saumu."

"Za nyumbani?"

"Njema."

Akaachia mkono wake, akaandika saa kwenye daftari. Tangu hapo watu walimpita Lukindo kama wanavyolipita gogo njiani.

Nilikaa siku tatu zaidi, nami sijui kwa nini. Mafundi walikuwa wakijenga nyumba ya thelathini na mbili. Lukindo aliketi barazani mwake. Hakupanga vizibo wala hakushona. Alitazama ukuta. Kila alasiri Semvua alikuja hadi kona ya mtaa akiwa na mtoto wake begani, akasimama mbali kwa muda, akaondoka. Nilipita mbele ya nyumba ile nikienda kula na nikirudi, mara sita kwa siku, na kila mara nililisikia neno likinipanda kooni na kushuka tena. Nilikumbuka asubuhi zangu na Bahiya, zile za mwisho, tulipokuwa tumezoea kuamka bila kusemezana, na hakuna sheria iliyotukataza.

Asubuhi ya siku ya nne nilisimama mbele ya baraza lake.

"Shikamoo, Kocha."

Aliinua kichwa. Midomo yake ilicheza kwanza bila sauti.

"Marahaba," alisema. "Utajitia taabuni."

"Sikumwambia Semvua," nilisema. "Aliniuliza mwenyewe, nikamwambia hujasema kitu. Niliogopa askari."

"Nilijua, siku ileile," alisema Lukindo. "Kijana yule angekuwa ameambiwa, asingekosea mara mbili."

"Mbona hukusema mbele ya Baraza?"

Alinyoosha miguu yake. "Ningesema, wangekupa wewe. Na wewe huna hata nyumba hapa. Ungekaa wapi na jambo kubwa hivyo?"

Nililia, mtu mzima, barabarani. Aliniacha nilie. Kisha akaniuliza habari za nyumbani kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu nifiwe nilimweleza mtu habari za Bahiya, jinsi alivyougua na mambo ambayo sikumwambia. Aliuliza maswali kama mtu mwenye njaa. Tulizungumza hadi askari alipofika.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye kofia iliyombana, na alisoma karatasi: mgeni aliyemwamkia asiyeamkiwa atatolewa nchini saa hiyohiyo. Nikachukua mfuko wangu. Lukindo alisimama barazani mwake akaniinulia mkono, nami nikamwinulia wangu.

Njia ya kwenda lango la mji ilipita mtaa wote, kutoka nyumba ya thelathini kushuka hadi ya kwanza. Nilikuwa nimeshafukuzwa, na hakuna afukuzwaye mara mbili. Nilipofika nyumba ya thelathini nilisema, "Shikamoo, Mzee."

Yule mwenye vizibo aliangusha sinia. "Marahaba," alisema. "Marahaba, baba. Hujambo?"

Askari hakunisukuma. Nikaendelea. Nyumba ya ishirini na tisa, ya ishirini na nane. Wengine waliitikia haraka kana kwamba walikuwa wakingoja mlangoni. Mmoja aliitikia kwa lahaja ambayo haisemwi tena mjini. Mmoja alikohoa kwanza kwa muda mrefu, akitafuta sauti, na tukamngoja. Mmoja alijibu, "Nani amekutuma?" na nilipomwambia hakuna, akafunika uso. Ilituchukua sehemu kubwa ya asubuhi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa imefungwa. Barazani hapakuwa na mtu. Niliamkia mlangoni, sikujibiwa. Nikangoja, kisha nikainua mfuko wangu.

"Mwamkie tena," alisema askari. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asome karatasi. "Kwa nguvu. Hasikii vizuri."

Nilimtazama. Alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Ni baba yangu," alisema. "Nilikuwa darasa la tatu alipoletwa huku. Zamu ya mtaa huu niliiomba mwenyewe."

Nikapaza sauti. "Shikamoo, Mzee!"

Ndani kitu kiliburutwa sakafuni, kiti au fimbo. Kikafika hadi nyuma ya mlango, kikakoma.

"Marahaba," ilisema sauti nyembamba. "Wewe nani? Mbona nasikia mko wawili? Mwenzako ni nani?"

Swali halikuwa langu kulijibu. Askari alitazama mtaa wote juu na chini. Kisha akasogea, akaweka kiganja chake juu ya ubao wa mlango.

"Ni mimi, Baba," alisema.

Komeo likaanza kusogea, polepole, kwa mkono usio na nguvu. Nami nikashika njia ya lango peke yangu, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kunisindikiza.